Nakala 437 chini ya kitanda

Aliyenipigia simu ni mama. Binti mwenyewe hakujua. Ilikuwa Jumapili, saa tatu za usiku, na alikuwa akinong'ona kama mtu aliyejifungia chumbani ili wanawe wasimsikie. "Shikamoo mwalimu. Namba yako nimepewa na mwalimu wa Kiswahili wa shuleni kwa binti yangu. Nina vitabu vingi humu ndani na sijui nivipeleke wapi." Nilidhani ni vitabu vya kiada vilivyokwisha kutumika, nikamuuliza ni vya nani. Alinyamaza kidogo. "Ni kitabu cha mwanangu," akasema. "Kakitunga mwenyewe."

Nimefanya kazi ya uhariri wa vitabu vya Kiswahili kwa miaka 22, na tangu nistaafu nasoma miswada ya vijana wanaoniletea. Visa vya namna hii vimenifikia vingi, lakini hiki nimeamua kukiandika chote kwa sababu ndani yake hakuna mjinga hata mmoja. Mama alitumia akili, mwalimu alikuwa na nia njema, na binti alikuwa na kipaji cha kweli. Bado wote watatu walifika mahali pabaya. Binti na mama yake wameniruhusu kukisimulia kwa sharti moja: majina yao, la shule na la kampuni yasitajwe.

Wanaishi Tanga. Mama anapika na kuuza chakula karibu na stendi: chai na vitafunwa asubuhi, wali na maharage mchana. Binti alikuwa na miaka 15, kidato cha pili katika shule ya kata, alipoanza kuandika riwaya wakati wa likizo ya Juni. Alijaza kaunta buku mbili. Mwalimu wake wa Kiswahili akazisoma, akampongeza mbele ya darasa. Oktoba, siku ya mahafali ya kidato cha nne, akaja mgeni mmoja na meza ya vitabu. Alijitambulisha kuwa wakala wa kampuni ya uchapishaji. Alizungumza na wanafunzi kwa robo saa, akawaambia wasingoje uzee ndipo waitwe waandishi, kwamba kuna kijana wa Marekani alijichapishia kitabu akiwa hajatimiza miaka 20 na leo ni milionea. Mwalimu akamtaja binti. Wakala akazishika zile kaunta buku, akafungua kurasa mbili tatu, akasema kampuni itazichukua.

Gharama ilikuwa shilingi 2,400,000 kwa nakala 500, kulipwa kwa mikupuo miwili. Ndani yake, alisema, kuna uhariri, jalada, uzinduzi na usambazaji nchi nzima.

Nimesikia watu wakimlaumu mama kwa uamuzi aliofanya baada ya hapo. Mimi simlaumu. Tangu 2016 ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne imeondolewa, na mama huyu alikuwa na akiba kidogo aliyoiweka kwa ajili ya jokofu la biashara. Aliona badala ya kununua jokofu amwekee mwanawe kitu cha maisha. Kilichobaki, shilingi 1,500,000, akakopa kwenye kikoba chake. Wenzake wa kikoba walimshangilia. Mtoto wa mama ntilie anatoa kitabu!

Machi, binti akiwa kidato cha tatu na ametimiza miaka 16, boksi tano zilishushwa kwenye basi. Nakala 100 kila boksi. Jalada lilikuwa na picha ya msichana wa Kizungu amesimama kwenye mvua, imechukuliwa kwenye intaneti. Jina la baba yake binti lilikuwa limepungua herufi moja. Uzinduzi haukufanyika. Miezi saba baadaye, mama aliponipigia simu, nakala 63 zilikuwa zimetoka ndani ya nyumba: 41 zililipiwa kwa shilingi 8,000 kila moja, zilizobaki walipewa ndugu au zilikopwa na watu ambao mpaka leo hawajarudisha hela. Hiyo ni shilingi 328,000. Nakala 437 zilikuwa chini ya kitanda cha mama, zimefunikwa kwa mkeka. Mkopo wa kikoba ulikuwa bado unalipwa kila wiki, kutoka kwenye wali na maharage.

Nilikwenda Tanga likizo ya Desemba.

Binti alinisalimia vizuri, akaniletea maji, akaondoka. Hakutaka kuzungumzia kitabu. Mama aliniwekea nakala moja mezani. Nikamwomba kitu kingine: zile kaunta buku. Binti alizitoa chini ya nguo, kwenye begi la shule, akanipa bila kuniangalia usoni. Nikakaa barazani, nikasoma kutwa.

Kurasa 40 za mwanzo zilikuwa kama nilivyotarajia. Msichana anaishi ghorofa ya 12 jijini. Ana gari, ana mchumba anayesafiri kila mara, anakunywa mvinyo akitazama taa za jiji. Kiswahili chake ni safi, mazungumzo yanakwenda, lakini mwandishi hajawahi kuingia kwenye lifti na inaonekana: kila mara msichana anapofika nyumbani tunaambiwa tu kwamba "alifika". Vijana wengi wanaanza hivyo na sioni kosa. Wanaandika kuhusu maisha wanayoyaona kwenye tamthilia za televisheni kwa sababu wanaamini hayo ndiyo yanayostahili kuandikwa.

Katikati ya kaunta buku ya pili, msichana yule anarudi kijijini sura moja tu, kumwona mama yake mgonjwa. Hapo nikakuta haya, kwa kalamu ya bluu, bila kufutwa hata neno:

"Mama huamka kabla ya adhana. Huwasha jiko kwa mfuko wa nailoni, kisha huufukuza moshi kwa upande wa khanga, akitazama mlango asije akamwamsha baba. Baba hayupo tangu mwaka juzi, lakini mama bado anautazama mlango."

Nilisoma mara tatu. Halafu nikachukua kitabu kilichochapwa, nikatafuta mahali hapo. Ukurasa wa 58. Sentensi ya mwisho ilisomeka hivi: "Baba alifariki mwaka juzi, lakini mama bado anautazama mlango."

Nikamwita mama, nikamwonyesha. Alishaijua sentensi hiyo, kuliko mimi. Mume wake hajafa. Aliondoka. Alikwenda kutafuta maisha na hakurudi, na binti aliandika kilichokuwa kweli kwa namna ambayo hata mtu mzima angeshindwa: hayupo. Mtu fulani kwenye kompyuta, labda aliyekuwa anataipu, aliona "hayupo" halijakaa sawa, akadhani anasaidia, akaandika "alifariki". Kitabu kilipotoka, majirani wawili walikuja na sukari kumpa mama pole. Mmoja alikuwa shemeji yake.

Kuanzia hapo binti hakuandika tena. Mama aliniambia hili akiwa ameshika kile kitabu kwa mikono miwili.

Jioni nilimuuliza binti swali moja tu. Katika miezi ile yote, tangu mahafali mpaka boksi zilipofika, kampuni ilikuuliza nini kuhusu hadithi yako? Alifikiri. Alitaka kunijibu kwa uaminifu. "Waliniuliza nataka picha yangu nyuma au nisiweke." Kuhusu hadithi yenyewe? "Hakuna."

Kwangu kesi yote iko kwenye jibu hilo. Uhariri ni kuuliza. Mhariri anayefika kwenye neno "hayupo" na asilielewe, kazi yake ni kupiga simu: mwanangu, baba yuko wapi? Na mtoto angejibu, na jibu lake lingefungua labda kurasa 20 nyingine. Aliyebadilisha neno bila kuuliza hakufanya uhariri. Na kampuni iliyopokea riwaya ya mtoto wa miaka 15 bila kuwa na swali hata moja haikuisoma.

Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa na tunayachanganya kila siku. Mchapaji ni mwenye mashine. Unampelekea kazi, unamlipa, anakupa nakala zako, na hana haja ya kujua ndani kumeandikwa nini. Ni kazi ya heshima. Mchapishaji ni yule anayesoma muswada, anaukataa au anaukubali, na akiukubali anaweka hela yake mwenyewe: anamlipa mhariri, mchora jalada, mchapaji, dereva wa kupeleka vitabu madukani. Kijana akitaka kujua amekaa mbele ya nani, aulize: kitabu kisipouzika, nani anapata hasara? Kwa mchapishaji, ni yeye. Katika kisa hiki kampuni ilishapata faida yake siku mama alipolipa mkupuo wa pili. Baada ya hapo kuuza au kutouza halikuwa jambo lao, na ndiyo maana nakala zote 500 ziliteremshwa Tanga. Usambazaji wa nchi nzima uliishia chumbani kwa mama.

Niliomba bei kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji kwa kazi ileile: kurasa 112, karatasi ya gramu 70, jalada la rangi, nakala 500. Niliambiwa shilingi 1,350,000. Kwa hiyo shilingi 1,050,000 zilizobaki zililipia kutaipu, picha ya intaneti na neno "alifariki".

Mama aliniuliza kuhusu namba iliyo nyuma ya jalada. Ile ISBN ndiyo iliyomtuliza moyo wakati analipa, maana wakala alimwambia serikali imekitambua kitabu. Nilimweleza kwamba hapa kwetu namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi yake ni kukitambulisha kitabu ili maktaba na maduka wakipate. Haisemi kimesomwa na mtu, wala kwamba ni kizuri.

Na yule kijana wa Marekani? Ni kweli yupo. Anaitwa Christopher Paolini, wa Montana. Alianza kuandika riwaya yake akiwa na miaka 15, familia yake ikaichapisha yenyewe, na mwaka 2003, akiwa na miaka 19, nyumba kubwa ya uchapishaji ya Knopf ikaitoa upya na ikasambaa duniani. Ambacho wakala hakukisema siku ya mahafali ni kwamba wazazi wake walikuwa na kampuni yao ndogo ya uchapishaji, walijua kazi hiyo, na hawakumlipa mtu awaite wachapishaji. Kijana alizunguka na vitabu vyake shule kwa shule, maktaba kwa maktaba, na kuvizungumzia zaidi ya mara 130. Knopf walimpata kwa sababu mtoto wa kambo wa mwandishi wao Carl Hiaasen alikinunua kitabu hicho familia yao ilipokuwa Montana, akakipenda. Huko ni kujichapishia, na kujichapishia kunahitaji familia nzima iache kazi nyingine. Mama wa Tanga asingeweza kufunga mgahawa mwaka mzima, na wakala alijua hivyo.

Sasa mkataba. Ulikuwa wa kurasa tatu, na mama alikuwa ameutunza kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti. Sijui kama aliona maana ya kuviweka pamoja, lakini mimi niliiona. Binti ndiye aliyesaini, akiwa na miaka 15. Mama alisaini chini, kama shahidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka anayeingia mkataba awe na umri wa utu uzima, na umri huo ni miaka 18. Karatasi aliyosaini mtoto wa kidato cha pili haina miguu ya kusimamia mahakamani, na kampuni inayofanya kazi na shule za sekondari haiwezi kusema haikulijua hilo.

Kifungu cha 7 ndicho kilichonikosesha usingizi. Kilisema mwandishi anaikabidhi kampuni hakimiliki ya kazi, pamoja na tafsiri, filamu na matoleo yote ya kidijitali, kwa kipindi chote cha ulinzi wa kisheria. Nilimweka binti mezani, nikampa kalamu, nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tuseme utaishi hadi miaka 76. Akaandika: 60 jumlisha 50. Akapata 110. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kukasirika, na nilifurahi kuiona hasira hiyo kwa sababu ilimaanisha kitabu bado ni chake moyoni.

Nikamwambia jambo ambalo vijana wengi hawalijui: hakimiliki hiyo ilikuwa yake tangu siku ile ya Juni alipoandika mstari wa kwanza kwenye kaunta buku. Haingoji kusajiliwa, haingoji kuchapwa. Wakala alipofika kwenye mahafali alimkuta mtoto ambaye tayari ana mali, na karatasi ile ilikuwa ya kuihamisha. Mtu anaweza kuwa na miaka 15, hana simu, hana kitambulisho, na bado akawa mwenye mali. Basi alinde kama mwenye mali: aandike tarehe kwenye kila rasimu, asitoe daftari la asili likaondoka nyumbani bila nakala nyingine kubaki, na mzazi asome kila kifungu kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kifungu cha mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kutokana na mauzo, kilisema asilimia 10 ya faida baada ya gharama zote kutolewa. Katika nyumba nilizofanyia kazi mimi tulihesabu asilimia 10 hadi 12 ya mapato ya mauzo, na mwandishi hakutoa senti. Maneno "faida baada ya gharama" yana maana kwamba anayepanga gharama ndiye anayeamua kama utalipwa.

Tulikwenda kwenye kituo cha msaada wa kisheria pale mjini. Dada mmoja alitusikiliza kwa subira kubwa na kutuandikia barua ya ukurasa mmoja, ikitaja umri wa binti na kutaka mkataba utambuliwe kuwa batili na haki zote zirudi kwake. Kampuni ilijibu baada ya wiki tano kwa mistari minne: wanakubali, haki zinarudi, fedha hazirudi. Tuliulizwa kama tunataka kuendelea na madai ya fedha. Mama alikuwa ameshalifikiria. "Hela imeshaliwa," alisema. "Mimi nataka mwanangu arudi kuandika."

Nilipomsimulia mwalimu wa Kiswahili tulichokifanya, alihuzunika, na pia alinipinga kidogo. Haoni kama kila kitu kilikuwa hasara. Baada ya kile kitabu, wanafunzi sita walimletea hadithi zao, shule ambayo haikuwahi kuwa na hata klabu ya uandishi. Ana haki kusema hivyo, na wale sita nimewasoma. Lakini mimi namwangalia yule wa saba, aliyetangulia mbele ya wenzake na kuchekwa kwa makosa ambayo si yake. Wanafunzi walikuwa wakimwita kwa lile jina la baba lililopungua herufi.

Kumrudisha kwenye kuandika kulichukua muda. Sikumwambia aifanyie kazi riwaya yote. Nilimwambia aichukue sura ile moja, aitoe mle ndani, aiache isimame peke yake kama hadithi fupi, na ghorofa ya 12 aiweke kabatini mpaka siku atakayoitaka. Kila alichoniletea nilikirudisha na maswali, bila kusahihisha neno. Nilikuwa nimeapa kutogusa neno lake.

Swali langu la kwanza lilikuwa la mfuko wa nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na hadithi yake inatokea baada ya hapo. Mama anaupata wapi? Nilidhani nimemshika. Alinijibu kwa ujumbe wa simu ya mama yake: "Ni mfuko wa mkate, mwalimu. Mikate bado inakuja kwenye nailoni. Mama anaikunja na kuiweka nyuma ya debe la unga, mmoja kila siku." Nikamwambia, basi hayo unayonieleza mimi mweleze msomaji. Rasimu iliyofuata ilikuwa na debe la unga, na mifuko ya mkate iliyokunjwa pembetatu kama sambusa, na mtoto anayeihesabu ili ajue mama ameamka mara ngapi. Hilo la kuhesabu sikumfundisha.

Swali la pili nililikosea. Nilimwuliza kama neno "mlango" halijajirudia mno, mara mbili katika mistari miwili, na kama sentensi isingeweza kuishia kwenye "baba hayupo tangu mwaka juzi". Alikaa nalo wiki nzima. Kisha akaniandikia kwamba hapana, mlango wa kwanza ni wa mazoea na wa pili ni wa kungoja, na akiuondoa wa pili mama atakuwa hangoji tena. Nimefanya kazi hii miaka 22. Alikuwa sahihi na nilimwambia hivyo.

Aliniuliza apeleke wapi hadithi ikiisha. Nilimjibu kwa kadiri ya umri wake. Kwanza isomwe kwa sauti mbele ya watu anaowaona: darasani, kwenye ile klabu mpya ya mwalimu. Hakuna kinachomfundisha mwandishi kama kuona wasikilizaji wanaanza kucheza na kalamu. Kuna mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wanafunzi wa sekondari, na ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo hupitia shuleni. Huko mada unapewa, na kuandika kwa mada usiyoichagua ni zoezi zuri. Mashairi yake, maana anayo, magazeti ya Kiswahili bado yana nafasi. Taifa Leo la Kenya limewalea washairi wengi kwenye kurasa zake. Mji anaoishi unajua historia hiyo: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha miaka mingi huku akiandika, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Riwaya ingojee. Ikiiva, ziko tuzo zinazopokea miswada ya Kiswahili, kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell. Huko atashindana na watu wazima waliokwisha kuandika vitabu vitano, na hatapewa alama za umri. Kuhusu hadithi za mtandaoni, zile za "sehemu ya 14 inaendelea kesho", sikumkataza. Wapo wanaozitunga vizuri na kuuza muendelezo kwa shilingi 1,000 kwa simu. Nilimwomba tu asiweke huko hadithi ya mlango, kwa sababu ikishanakiliwa kwenye makundi itatembea bila jina lake, na baadhi ya wahariri hawachukui kazi iliyokwisha kusambaa.

Nilimwambia pia kwamba atakataliwa, na barua ya kukataliwa inayotaja hata jambo moja la ndani ya hadithi ni ya kutunzwa, kwa maana aliyeiandika amesoma.

Zikabaki zile nakala 437. Mama alifikiria kuzichoma. Mwalimu alipendekeza zigawiwe shuleni. Binti alikataa yote mawili, na kwa siku kadhaa hakusema anataka nini. Niliporudi Tanga likizo ya Juni, yeye akiwa kidato cha nne, niliwakuta jioni wamekaa kwenye mkeka, sufuria za mchana zimeshaoshwa na kufunikwa. Boksi moja lilikuwa limefunguliwa. Binti alikuwa na kalamu ya bluu na rula. Anafungua ukurasa wa 58, anapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya "alifariki", anaandika juu yake "hayupo tangu", anampa mama. Mama anapulizia wino ukauke, anafunga kitabu, anakiweka upande wa pili.

Nilikaa nao mpaka adhana ya Isha. Walikuwa wamefika nakala ya 112.